Mashine ya kunyolea ibaki nyumbani

Wiki ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, mitaa yetu mingi huwa na mlio mmoja, wa mashine ya kunyolea. Baba amepindua ndoo, mtoto ameketi juu yake na khanga shingoni, wadogo zake wanasubiri zamu huku wakimcheka. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya kinyozi. Siku hizi wazazi wengi wameamua kuifanya wenyewe, na hesabu yao si ngumu kuielewa. Shule nyingi za serikali hutaka mwanafunzi awe na nywele fupi, awe wa kike au wa kiume, na nywele fupi haziachi kuota. Mzazi mwenye watoto wanne, akilipa shilingi 2,000 kwa kichwa mara mbili kwa mwezi, ametoa shilingi 16,000. Kwa mwaka ni 192,000, na hapo baba mwenyewe bado hajakaa kwenye kiti. Fedha hiyo ni madaftari, viatu na michango ya shule.

Mimi naunga mkono uamuzi huo, na nausema kama daktari. Wapo wenzangu wanaowaambia wazazi wapeleke watoto saluni kana kwamba saluni ni hospitali. Sikubaliani nao. Kichwa cha mtoto kinachonyolewa nyumbani, kwa mashine ya nyumbani, na mtu anayemjua mtoto huyo, kwa kawaida kiko salama kuliko kile kinachopita chini ya mashine iliyonyoa watu thelathini tangu asubuhi. Ila nimeweka sharti ndani ya sentensi hiyo, nalo ndilo nililokusudia kulizungumzia leo: mashine iwe ya nyumbani kweli. Nyingi ninazosikia habari zake kliniki zilinunuliwa kwa ajili ya nyumbani, zikaanza kuazimwa, na sasa ni za mtaa mzima.

Miezi michache iliyopita alikuja mama mmoja na wanawe watatu. Wa kati, mvulana wa miaka saba, alikuwa amevalishwa kofia ya sufu saa sita mchana, na joto la Dar es Salaam unalijua. Alipoivua niliona uvimbe laini wa ukubwa wa nusu yai, unatoa usaha kwenye vitundu vingi vidogo, na nywele za juu yake zilikuwa zinang'oka zikiguswa tu. Jirani alidhani ni jipu, akalipasua kwa wembe. Kaka yake na mdogo wao walikuwa na viraka vya duara vyenye magamba.

"Daktari, hakuna dawa ambayo sijampaka huyu," mama akaniambia. Kisha, kwa sauti ya chini, "Watu wanasema nawalea kwenye uchafu."

Nikamuuliza ni nani anayewanyoa. Ni kaka yao mkubwa, akasema, na hapo niliona uso ukichangamka kidogo, maana kijana huyo wa kidato cha pili alijifunza mwenyewe na ananyoa vizuri. Ananyoa wadogo zake, ananyoa binamu zake, na Jumamosi ananyoa watoto wa timu ya mpira ya mtaani kwa shilingi 500 kichwa. Nikauliza anasafishaje mashine akimaliza mmoja na kuanza mwingine.

"Anapuliza," mama akajibu.

Sikumkataza yule kijana kazi yake. Nilimwomba mama aje naye siku ya marudio, na aje na mashine. Tulifungua zile skrubu mbili zinazoshika meno, na ndani tukakuta nywele zimeshindiliwa kama pamba kwenye mto, za vichwa ambavyo hata yeye hakukumbuka ni vya nani. Alishtuka kuliko mama yake.

Ugonjwa wa wale watoto ni mapunye. Ni maambukizi ya fangasi kwenye ngozi ya kichwa na kwenye nywele zenyewe. Hauletwi na uchafu, wala hauna uhusiano na kurogwa. Mtoto anayeoga mara mbili kwa siku huupata sawasawa na asiyeoga, ilimradi kichwa chake kimeguswa na kitu kilichobeba vipande vya nywele au magamba ya mgonjwa: mashine, kichana, kofia, mto wa kulalia. Vijimbegu vya fangasi hao hukaa hai kwenye vitu kama hivyo kwa wiki na hata miezi. Huwapata zaidi watoto ambao hawajabalehe. Mtu mzima mara nyingi hauugui, lakini anaweza kuubeba bila dalili yoyote na kuwapa watoto.

Hapa ndipo mzazi anayenyoa mwenyewe anapokuwa na faida ambayo wengi hawaioni. Kila wiki mbili anakitazama kichwa cha mwanawe chote, mchana, kwa karibu. Kinyozi mwenye foleni ya wateja hana muda huo, na hata akiona kitu anaweza kunyamaza asije akamuudhi mzazi. Kwa hiyo ukinyoa, tazama. Mapunye huanza kama kiraka kidogo chenye magamba ya kijivu, ambapo nywele zinaonekana fupi na hafifu kuliko za jirani zake. Wakati mwingine nywele hukatikia usawa wa ngozi na kuacha vidoti vyeusi. Muwasho unaweza kuwa mdogo tu. Papasa kisogoni na nyuma ya masikio. Ukikuta vitezi vimevimba pamoja na magamba kichwani, usikimbilie kufikiria kifua kikuu au saratani, kama wazazi wengi wanavyofanya usiku wasipate usingizi. Tezi hizo mara nyingi zimevimba kwa sababu ya kichwa.

Mapunye pia yanaweza kujificha kama mba. Mba wa kawaida ni ugonjwa wa watu waliokwisha kubalehe, kwa hiyo mtoto wa darasa la pili mwenye "mba" usioisha achunguzwe mapunye kwanza. Lakini kiraka kilicho laini kabisa kama kiganja, bila gamba wala kidoti, kinaweza kuwa ugonjwa mwingine usioambukiza, na kwa huo dawa ya fangasi haina kazi. Vilevile nywele zinazopungua kwenye paji la uso na juu ya masikio ya binti anayesukwa kwa kukazwa ni jeraha la msuko. Dawa yake ni kuacha kukaza.

Sasa kwenye jambo linalowamalizia wazazi fedha zao. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa krimu. Fangasi hawako juu ya ngozi tu, wameingia ndani ya nywele hadi kwenye shina lake, na krimu haifiki huko. Kunyoa kipara hakuponyi pia, kwa sababu shina linabaki. Hata hivyo kila wiki nakutana na mama mwenye mfuko wa plastiki uliojaa mirija ya krimu, mingine ikiwa na steroidi ndani, ambazo hupunguza muwasho kwa siku chache na kumpa fangasi nafasi ya kusambaa. Ukijumlisha bei ya mirija ile, mara nyingi inazidi kile alichookoa kwa kununua mashine. Sizungumzii hapa kitunguu saumu kilichopondwa, ambacho huunguza ngozi ya mtoto, wala mafuta ya taa, ambayo hayana nafasi kwenye kichwa cha mtu yeyote.

Tiba ni vidonge. Dawa ya siku nyingi ni griseofulvini, nayo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hutumika kwa wiki sita hadi nane, wakati mwingine zaidi, na kipimo chake hufuata uzito wa mtoto, kwa hiyo apimwe uzito siku hiyo hiyo, usikadirie. Hufanya kazi vizuri zaidi ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta: maziwa, karanga, parachichi. Ipo pia terbinafini, ambayo kwa baadhi ya fangasi hutumika kwa muda mfupi zaidi. Daktari atachagua. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mzazi kuuziwa vidonge vya siku saba dukani, magamba yakapungua, akadhani amepona. Baada ya mwezi kiraka kimerudi na kimezaa vingine, na mzazi anasema dawa haifanyi kazi.

Kuna kidonge kimoja nataka ukikatae ukiuziwa kwa ajili ya mapunye, nacho ni ketokonazoli ya kumeza. Kinaweza kudhuru ini vibaya. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilizuia kisitumike kwa maambukizi ya ngozi, na ile ya Ulaya ikapendekeza kiondolewe katika tiba ya fangasi. Shampuu ya ketokonazoli ni habari tofauti. Hiyo inabaki kichwani, na ni msaada mzuri: mgonjwa na watoto wengine wote wa nyumba hiyo wakioshwa kwayo mara mbili kwa wiki, vijimbegu vinavyomwagika hupungua. Haiponyi peke yake, ila inamzuia mgonjwa asiambukize wenzake wakati vidonge vinafanya kazi.

Uvimbe ule wa mvulana wa miaka saba si jipu, ingawa unafanana nalo. Ni kinga ya mwili inavyopambana na fangasi kwa hasira. Haupasuliwi. Hutibiwa kwa vidonge vilevile, na daktari ataongeza dawa nyingine kama bakteria wameingilia. Ukicheleweshwa huacha kovu, na penye kovu nywele haziotiki tena. Ndugu zake wamepona na nywele zao zimerudi. Yeye pia amepona, isipokuwa pale wembe ulipopita.

Vijana wanaosoma udaktari huwa nawakumbusha kwamba kabla ya griseofulvini kuanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1950, watoto wenye mapunye katika nchi mbalimbali walichomwa mionzi ya eksirei kichwani ili nywele zote zidondoke. Baadhi yao walipata saratani ya tezi ya shingo na uvimbe wa ubongo wakiwa watu wazima. Kwa hiyo tuna kidonge kilichowaondolea watoto mateso hayo, kimekuwapo kwa zaidi ya miaka 60, na bado mzazi anafika zahanati anaambiwa dawa hakuna, anaandikiwa krimu. Hili si la mzazi kulitatua. Ni la wanaoagiza dawa, na sioni kwa nini ugonjwa unaowapata watoto wa shule kwa wingi namna hii uendelee kuhesabiwa kama jambo la urembo.

Na walimu nao. Mtoto mwenye mapunye asifukuzwe shule. Akishaanza vidonge na shampuu, anaweza kuendelea na masomo kama kawaida, ila asiazime kofia wala kichana. Mama yule aliniambia mwanawe amekosa masomo wiki tatu, kwa sababu aliambiwa arudi akishapona. Wiki tatu za darasa la kwanza ni nyingi, na kupona kwenyewe huchukua miezi miwili.

Turudi kwenye mashine, maana najua wengine mmeshaiweka mezani. Kwanza izime na uichomoe kwenye umeme. Ondoa nywele zote kwa brashi. Mswaki wa zamani unafaa sana, hasa kwenye nafasi kati ya meno. Hatua hii ndiyo kubwa kuliko zote, kwa sababu dawa yoyote utakayotumia haiwezi kupenya fungu la nywele zenye mafuta. Kati ya kichwa na kichwa, hata ndani ya familia moja, piga brashi, kisha futa meno kwa pamba iliyoloweshwa spiriti ya asilimia 70 na uyaache yakauke yenyewe. Ni kazi ya dakika mbili.

Ukimaliza wote, fungua meno kama mashine yako inaruhusu. Yaoshe kwa maji na sabuni, kisha yaloweke kwa dakika 10 kwenye maji ya klorini. Kama chupa ya dawa ya klorini ya nyumbani imeandikwa asilimia 3.5, changanya kipimo kimoja cha dawa na vipimo sita vya maji. Vile vichana vya plastiki vya namba moja, namba mbili na kuendelea, vyote viingie humo. Suuza vizuri, kausha, kwa kuwa klorini hula chuma, halafu tia tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani kwenye meno. Mwili wa mashine usiuzamishe kwenye maji, na usimnyoe mtoto mwenye nywele mbichi kwa mashine iliyochomekwa ukutani.

Mwenye mapunye anyolewe wa mwisho. Tandika gazeti chini ili nywele zake zikusanywe zote na kuchomwa au kutupwa chooni, na khanga aliyovaa ifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Ukiweza kumnunulia meno yake mwenyewe mpaka atakapopona, bora zaidi.

Msiwashe spiriti. Nimeona vinyozi wakiimimina juu ya mashine na kuipiga kiberiti mbele ya mteja, na sasa watoto wanaiga nyumbani. Mwali wa spiriti ni hafifu, mchana hauonekani vizuri, na chupa iliyo wazi karibu nao huripuka. Kuungua kwa mtoto mkono au uso ni msiba mkubwa kuliko fangasi wote niliowataja. Na kile kisanduku chenye mwanga wa zambarau kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya saluni hakitakusaidia sana nyumbani. Mwanga wake hufanya kazi pale unapogusa tu, haupiti nywele wala mafuta, na upande wa pili wa meno hauufikii.

Jirani akija kuazima? Najua ugumu wake, mtu hawezi kumnyima jirani chumvi wala jiko. Ushauri wangu ni huu: mashine inaweza kuazimwa, meno yasiazimwe. Kwa mashine nyingi meno na vichana huuzwa peke yake. Jirani anunue vyake, avifunge kwa skrubu mbili, anyoe, avifungue, arudishe mashine. Hatukuazimana mswaki hata siku moja na hakuna aliyegombana kwa hilo. Yule kijana wa kidato cha pili sasa ana seti tatu za meno, moja ya nyumbani na mbili za timu, na amepandisha bei hadi shilingi 700. Wateja wake hawajapungua.

Maswali mengi ninayopokea kuhusu kunyoa hata hivyo hayahusu mapunye. Yanahusu damu. Mashine ikinyoa bila kukwaruza haina njia rahisi ya kusambaza VVU, kwani virusi hivyo ni dhaifu vikiwa nje ya mwili. Homa ya ini aina ya B ni ngumu zaidi: virusi vyake vinaweza kubaki hai kwenye tone la damu iliyokauka kwa siku saba angalau. Watoto wetu hupata kinga yake ndani ya chanjo ya pentavalenti, wakiwa na wiki 6, 10 na 14, lakini wazazi wengi waliozaliwa kabla ya chanjo hiyo kuingizwa kwenye ratiba hawana kinga yoyote. Kwa hiyo wembe hauazimwi, hata kwa mume na mke, hata kwa kaka na kaka. Mashine ikikwaruza mtu ikatoka damu, simama hapo, safisha kwa klorini kama nilivyoeleza, ndipo uendelee na mwingine.

Msomaji mmoja wa Morogoro aliniandikia barua ambayo nimeifikiria sana. Anaishi na VVU, anatumia dawa kwa mwaka wa tano, na vipimo vinaonyesha virusi vimefubaa hadi havionekani. Amenunua mashine ili awanyoe wanawe wawili. Mke wake, ambaye hana maambukizi, amemkataza asiwaguse kichwani. "Daktari, niambie ukweli," ameandika, "nikiwanyoa nitawaua?"

Baba, wanyoe. Mikono yako haina hatari kwao, jasho lako halina hatari, pumzi yako haina hatari. Damu yako haiguswi na chochote unapopitisha mashine juu ya kichwa cha mtoto. Ukitaka kunyoa ndevu zako, tumia wembe wako mwenyewe, na hilo ni sharti ninalompa kila mwanamume katika safu hii, awe na virusi au asiwe navyo. Kama mashine hiyo hiyo inakunyoa na wewe kichwani, isafishe kama inavyosafishwa katika nyumba nyingine yoyote. Mama, nawe ukisoma hapa, hofu yako ni ya mzazi na siidharau. Nendeni kliniki pamoja siku ya kuchukua dawa, mwombeni mhudumu awasomeshe wote wawili yale majibu ya vipimo. Lakini watoto wasikue wakijua kwamba baba yao haruhusiwi kuwashika.

Neno kuhusu watoto wachanga. Familia nyingi za Kiislamu hunyoa nywele za mtoto siku ya saba kwa ajili ya akika, na wengine husubiri arobaini. Hakuna ubaya wa kitabibu katika desturi hiyo ikifanywa kwa utulivu. Mtoto awe ameshiba na amesinzia, mtu mmoja amshike kichwa, mwingine anyoe. Wembe uwe mpya, utolewe kwenye karatasi yake mbele yenu, na usitumike tena. Lowanisha kwa maji ya uvuguvugu, vuta ngozi kidogo, fuata mwelekeo wa nywele. Utosi wa mbele hubaki laini hadi mtoto afikie karibu mwaka mmoja na nusu. Ngozi yake ni imara kuliko wengi wanavyodhani, lakini si mahali pa kubonyeza wala pa haraka. Mtoto akiwa na homa au vipele kichwani, subirini. Na msimnyoe kila mwezi kwa kudhani nywele zitaota nzito zaidi. Unene wa nywele hupangwa kwenye shina, ndani ya ngozi, na wembe haufiki huko.

Ukimkata mtu kwa bahati mbaya, usiogope wingi wa damu, kichwa hutoa damu nyingi hata kwa jeraha dogo. Gandamiza kwa kitambaa safi kwa dakika 10 kamili bila kufunua kuchungulia. Usitie majivu, sukari, kahawa wala mafuta ya taa. Jeraha likiwa limeachama, au likiendelea kutoka damu baada ya hapo, twende kituoni likashonwe, na mtaulizwa kuhusu chanjo ya pepopunda.

Nimebakiza baba, ambaye hunyolewa wa mwisho, mara nyingi na mke wake au na mwanawe, na ambaye hupenda kisogo kinyolewe hadi ngozi ing'ae. Nywele zetu zimejikunja. Zikikatwa chini mno, ncha yake hujipinda na kuingia tena kwenye ngozi, na mwili huipokea kama mwiba. Vipele vya kisogoni na vya kidevuni vinaanzia hapo. Kwa kichwa, weka kichana cha namba moja, ambacho huacha nywele zenye urefu wa milimita tatu hivi, na usiupitie mstari wa kisogoni mara tatu ukitafuta unyoofu. Kwa ndevu, usivute ngozi wala usinyoe kinyume cha nywele. Zibaki fupi zinazokwaruza kidogo ukipitisha kiganja. Vipele vikishaanza, acha kunyoa sehemu hiyo, usivitumbue, na uje mapema. Akija kwangu mwenye vipele vitano, dawa ya kupaka na miezi michache bila wembe mara nyingi hutosha. Anayekuja na uvimbe mgumu uliokwisha kuzunguka kisogo namwandikia barua ya kwenda kwa daktari wa upasuaji.